Mstari Mahali pa Jina

Jumatatu, Machi 4

Daktari wa Kajiado ameniambia moyo wangu umechoka. Alilisema kama mtu anayeomba radhi. Nilimwuliza kama nitauona mwisho wa mvua hizi. Alitazama dirishani, ambako hapakuwa na wingu hata moja, akasema, "Mvua yenyewe haijaanza, Mwalimu."

Nikirudi nimenunua daftari hili la kurasa tisini na sita. Nimewafundisha watoto wa Soitoibor miaka ishirini na saba, na kila siku nikiwaambia waandike ukweli kwa mwandiko unaosomeka. Sasa ni zamu yangu.

Sitaanza leo. Miguu imevimba.

Jumatano, Machi 6

Soila ameleta maziwa.

Ijumaa, Machi 8

Atakayesoma haya huenda hakijui kijiji chetu, kwa hiyo nakieleza. Kilizaliwa na reli ya Magadi. Wajenzi walichimba mawe meupe hapa, wakajenga tangi la maji ya garimoshi, ghala moja na nyumba nane. Reli ilipoendelea wao waliondoka nayo, kijiji kikabaki. Wahindi wenye maduka nao waliondoka baadaye. Tuliopo ni Wamaasai wenye ardhi, Wakamba waliokuja kuchonga mawe, na sisi wachache wa kutoka Kiambu tuliokuja kufundisha au kuuza sukari. Treni bado hupita lakini haisimami.

Kwenye mguu wa tangi kunaning'inia kipande cha reli. Kiema, fundi wa mawe, hukigonga kwa nyundo: mara moja, maji yamefika, mara tatu, kuna mkutano, mfululizo, kuna msiba. Siku hizi kikilia nashika kifua.

Hapa kila mtu hujua habari ya mwenzake kabla mwenyewe hajaijua. Na barua zote za kijiji zimepita kwangu, za chifu, za korti, za wachumba. Nimezisoma na kuzijibu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimeandika alichosema. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Jumanne, Machi 12

Reli imelia mara tatu. Nilijikongoja hadi hotelini kwa Evalyne kusikia.

"Kiema, ulipiga tatu ama nne?" Evalyne alikuwa akimuuliza. "Mimi nilihesabu nne nikajua ni vita."

"Ya nne ilikuwa ya kutoa kutu."

"Kutu iko kwa kichwa yako."

Watu wakacheka. Kisha Kiema akaeleza, na kicheko changu kikakauka. Ranchi ya pamoja inagawanywa. Rejista ya wanachama, ile iliyoandikwa mwaka wa themanini na moja, itasomwa hadharani Ijumaa ya tarehe kumi na tisa Aprili, jina kwa jina. Mwenye malalamiko ayatoe siku hiyo. Baada ya hapo hatimiliki zitachapishwa na hakuna atakayesikilizwa tena.

"Si Mwalimu ndiye aliiandika?" Evalyne akasema akinimiminia chai. "Basi hakuna shida. Mwandiko ya Mwalimu hata ng'ombe inasoma."

Sikuimaliza chai.

Ijumaa, Machi 15

Mwanangu Kiragu amekuja kutoka Kitengela, ambako ana duka la vifaa vya ujenzi. Alibeba matunda na ramani.

"Maitu, namba sitini na moja ni yako. Ukipata hatimiliki tunakata ploti. Watu wa Kitengela wananiuliza kila siku."

Nikamwambia boma la Lemein liko pale, na la mama yake, Soila.

"Hao hawako kwa rejista. Ni maskwota. Nimeuliza."

"Lemein alizaliwa pale."

"Basi baba yake angejiandikisha."

Nilitazama machungwa aliyoniletea.

Jumanne, Machi 19

Mvua imeanza leo alfajiri. Mabati yanapiga kelele, na ndani ya kelele hiyo naweza kuandika.

Mwaka wa themanini na moja afisa wa ardhi alikaa ghalani siku tatu kuandikisha wanachama. Kamati ilikuwa ya wazee wasiojua kusoma, kwa hiyo niliombwa niwe karani. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu. Watu walipanga mstari kutoka mlangoni hadi kwenye tangi. Mjane aliandikwa kwa jina la marehemu mumewe, ndipo mtoto arithi.

Siku ya pili alifika Soila, na Lemein akiwa mgongoni, wa miezi minne. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Aligongwa na treni akiondoa ndama relini.

Nikamwuliza, "Jina la mume?"

Akanyamaza.

Nikauliza mara ya pili, na ya tatu. Alisimama tu. Afisa akasema, "Mstari ni mrefu, Mwalimu. Piga mstari uendelee." Nikachora mstari mahali pa jina, kwenye nafasi ya sitini na moja. Soila akaondoka.

Mimi sikulijua jina la mumewe. Kwa Wamaasai, kijana akifa kabla ya kuzeeka, jina lake linazikwa pamoja naye. Jamaa zake hawalitamki tena. Mimi mgeni ningelijulia wapi?

Jumatano, Machi 20

Mvua.

Alhamisi, Machi 21

Mvua. Soila ameleta maziwa. Tulisalimiana kama kawaida, "Takwenya," "Iko," akakaa kizingitini akisubiri nimimine kwenye sufuria. Amekuwa akileta maziwa tangu mwaka huo wa themanini na moja, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilidhani ni ujirani, na baadaye kwamba ni kwa sababu nilimfundisha mwanawe.

Jumatatu, Machi 25

Niendelee. Miezi mitatu baada ya uandikishaji, mwenyekiti wa kamati alinijia shuleni. Alisema wazee wananishukuru kwa kazi, na kwamba kuna nafasi moja imebaki wazi kwenye rejista, ya sitini na moja, nao wamekubaliana niandikwe mimi. "Wewe sasa ni mtu wetu," alisema. Nilikuwa mjane pia, na Kiragu alikuwa na miaka miwili. Nilisema asante. Nikaandika jina langu kwa mkono wangu juu ya mstari ule.

Rejista ilibandikwa kwenye mlango wa ghala siku sitini ili watu walalamike. Nani angelalamika? Waliojua kusoma hawakuzidi kumi, na karibu wote walikuwa wanafunzi wangu.

Jumamosi, Machi 30

Lemein amekuja. Ana mvi kidevuni sasa. Alivua kofia na kusimama mlangoni mpaka nilipomwambia aketi.

"Mwalimu, nimeambiwa siko kwa rejista. Niandikie barua ya kulalamika."

Niandikie! Nilitafuta kalamu muda mrefu ingawa ilikuwa mbele yangu. Tukaanza. Tulipofika mahali pa kutaja mwanachama wa awali, nikauliza bila kumtazama, "Jina la baba?"

"Hiyo ndiyo shida. Mimi sijui."

"Hujawahi kuuliza?"

"Nilimwuliza mama nikiwa mdogo. Alinipiga, halafu akalia yeye. Sikuuliza tena. Kwa kitambulisho waliandika jina ya babu." Akacheka kidogo. "Nina mke, niko na watoto watano, ng'ombe ishirini na moja, na sijui mimi ni wa nani. Wewe unajua watu wote wa zamani. Kwani hukusikia?"

Mvua ilikuwa imetulia kidogo. Nilisikia saa ya ukutani.

"Sikusikia," nikasema.

Niliacha nafasi wazi kwenye barua. Aliikunja, akaitia kofiani na kunishukuru, "Ashe oleng, Mwalimu." Alipotoka nilishindwa kuinuka kitini mpaka adhuhuri.

Jumatano, Aprili 3

Kifua. Sikuandika.

Jumanne, Aprili 9

Nimesoma kurasa za nyuma. Mwanafunzi angeniletea hizi ningemrudishia aandike upya, kwa kuwa zina uongo.

Nililijua jina.

Nililijua siku ile ile, kalamu ikiwa mkononi. Mume wa Soila alikuwa mwanafunzi wangu wa ngumbaru, darasa la watu wazima, Jumamosi alasiri ghalani humo humo. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kwenye umurani, daraja la vijana walinzi, na kuoa. Alikuwa wa kwanza darasani kuandika jina lake bila kutazama ubao. Aliandika kwa chaki kwenye kibao, akakiinua juu ya kichwa ili wenzake wakione, na wote wakampigia kelele za kumtania. Nilimsahihisha herufi moja.

Na desturi niliijua pia. Alipokufa, mvulana mmoja wa darasa la tatu aliyekuwa na jina hilo hilo alibadilishiwa jina wiki ile ile. Nilimfuta mimi mwenyewe kwenye daftari la mahudhurio na kumwandika upya.

Basi kwa nini niliuliza mara tatu?

Nilitaka aseme. Hiyo ndiyo kweli yote. Nilikuwa mwalimu, na niliona kile kimya ni ushenzi ambao elimu ilikuja kuuondoa. Nilimwona kama mtoto aliyesimamishwa darasani akakataa kujibu. Nilisema moyoni, akisema nitaandika, asiposema shauri yake. Hakusema. Nikampa sifuri.

Nilijiambia nitarekebisha kesho yake. Kisha akaja mwenyekiti na nafasi yake iliyobaki wazi.

Alhamisi, Aprili 11

Soila ameleta maziwa. Korongo kati ya boma lake na kijiji limeanza kutiririka. Alifika amelowa mpaka magotini.

"Mbona unaniangalia kama mbuzi aliyesikia kisu?" akaniuliza.

"Ni ugonjwa."

"Ugonjwa uko miguuni. Hayo ni macho."

Jumanne, Aprili 16

Siku tatu zimebaki. Sijui naogopa nini zaidi. Naogopa kusema, wazee wanilaani na kijiji kinigeuzie mgongo, nife kama mgeni niliyekuwa siku ya kwanza. Naogopa kunyamaza na kwenda na jambo hili mbele ya Mungu. Namwogopa mwanangu. Kiragu amepiga simu mara nne leo.

Ijumaa, Aprili 19

Mkutano haukufanyika. Mvua imekata barabara na gari la afisa limekwama ng'ambo. Umesogezwa hadi Mei 17.

Niliposikia nilisema, "Mungu ni mwema." Nilisema kwa sauti, nikiwa peke yangu nyumbani. Kisha nikaona haya mbele ya viti.

Jumatatu, Aprili 22

Mvua.

Jumanne, Aprili 23

Mvua. Ukuta wa kaskazini wa ghala umeanguka. Kiema anasema mawe ni mazima, ni chokaa tu iliyozeeka.

Ijumaa, Aprili 26

Leo nimeona kifo, na hakikuwa changu.

Nilikuwa nimekaa mlangoni, mvua imepumzika. Niliona Soila ng'ambo ya korongo, kibuyu kifuani, akijaribu maji kwa fimbo. Nikapunga mkono arudi. Hakurudi. Aliingia, na maji yakampanda kiunoni. Katikati akateleza, nikaona kichwa peke yake, kisha sikukiona. Nilipiga kelele ambayo sikujua bado ninayo. Kiema na wanawake wawili waliokuwa wakiteka maji walikimbia, wakamkamata kwenye jiwe la chini.

Walimleta kwangu akitetemeka. Amepita miaka sabini kama mimi. Alikuwa bado amekumbatia kibuyu.

"Haikumwagika," akasema.

Nikamwita kama Wamaasai wamwitavyo mama wa mtoto: "Kwa nini, Ng'oto Lemein? Kwa nini uvuke mto kwa sababu ya maziwa?"

"Ni siku yake," akasema.

Nilifungua kinywa nimwambie pale pale. Wanawake walikuwa wakimkamua nguo, Kiema akimtania kwamba amekuwa kambare, na kila mtu akicheka kwa woga. Nilikifunga kinywa. Nikachemsha yale maziwa nikayanywa, na kila funda lilipita kama jiwe.

Ijumaa, Mei 3

Nimelala siku saba. Evalyne ananiletea uji na porojo. Anasema vigingi vyekundu vya wapimaji vimeshaonekana karibu na boma la Lemein na mkewe ameanza kufunga vyombo. "Masikini," anasema. "Lakini si sheria ni sheria, Mwalimu?"

Ijumaa, Mei 10

Kiragu alikuja na karatasi ya kumwachia yeye namba sitini na moja. Nikasema mkono unatetemeka.

"Weka hata kidole."

"Wiki ijayo."

"Ukifa kabla ya kusaini, maitu, mimi ndiye nitahangaika kortini."

Alilisema kwa upole, akinirekebishia shuka. Nilimwogopa kwa sababu ya ule upole. Kisha nikakumbuka aliujifunza wapi. Mimi pia niliita "mwingine aje" mbele ya Soila kwa sauti laini sana, nilipokwisha kuchora ule mstari.

Jumanne, Mei 14

Mvua imepungua. Daktari alikosea, au Mungu anasubiri kitu.

Jumamosi, Mei 18

Naandika ya jana. Yataka nguvu, kwa hiyo naandika kidogo kidogo.

Reli ililia mara tatu saa tatu asubuhi. Nilimwomba Evalyne anishike mkono. Watu wote walikuwa mbele ya ghala, wazee kwenye viti, wanawake kwenye nyasi. Kiragu alikuwa amesimama karibu na gari lake. Afisa alikuwa kijana wa miwani, mwenye adabu. Rejista ilikuwa mezani. Niliijua kwa jalada lake la kijani.

Alisoma. Moja. Mbili. Tatu. Kila jina lilipoitwa, mtu au mwanawe aliinua mkono. Kwa waliokufa wazee hakuna shida. Jina la mzee mwenye watoto hukaa. Ilichukua karibu saa nzima kufika sitini. Nilihesabu pumzi zangu.

"Sitini na moja. Keziah Wangari, mwalimu."

Kiragu akainua mkono kwa niaba yangu.

Lemein akasimama na barua yake. Afisa akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena. "Mzee, hapa pa jina la mwanachama wa awali hakuna kitu. Bila jina siwezi kupokea. Jina la baba yako ni nani?"

Kimya. Ni kimya kile kile. Ningekitambua hata ningekuwa kiziwi.

"Kuna anayelijua?" afisa akauliza. Wazee walitazama fimbo zao. Walilijua, na hawakuweza. Nilimtafuta Soila. Alikuwa amekaa kwenye nyasi, na hakumtazama afisa wala mwanawe. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilisimama. Evalyne akaninong'oneza, "Mwalimu, keti, utaanguka." Nikaenda mpaka mezani. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, na yote yakapotea. Nikasema, "Ni mimi niliyeacha nafasi hiyo. Nililijua jina la mtu huyo, na nikachora mstari. Halafu nikajiandika mimi."

Nilisikia mtu akivuta pumzi. Nyuma yangu Kiragu akaita, "Maitu!"

"Basi litaje," afisa akasema.

Hapo ndipo mwili wangu wote ulipojua nilichokuwa nimemtaka Soila afanye. Nikasema, "Sitalitaja. Nipe kalamu."

Nililiandika kwenye barua ya Lemein, kwenye nafasi niliyoiacha wazi, kwa herufi kubwa, na ile herufi niliyomsahihisha. Afisa akainua karatasi, akafungua kinywa.

"Usilisome," nikamwambia. "Linakili tu."

Akasita. Mzee mmoja akasema kwa sauti nzito, "Fanya anavyosema Mwalimu."

Sheria ilitaka mashahidi wawili. Walikuja wazee wawili waliokuwa nami ngumbaru, wenye vidole vigumu kama mizizi. Waliinama juu ya karatasi, wakalisoma herufi moja moja, midomo ikisogea bila sauti. Mmoja akaitikia kwa kichwa. Mwingine akafuta macho kwa shuka lake. Wote wawili wakatia sahihi, si vidole.

Kisha nikaomba rejista. Kwenye sitini na moja, juu ya jina langu, nikachora mstari. Haukunyooka.

Lemein hakunitazama. Alichukua kofia yake akaenda kusimama relini, ametugeuzia mgongo. Kiragu alikuwa ameshawasha gari. Evalyne alikuwa ameuachilia mkono wangu, sijui tangu lini. "Mwalimu," alisema, "wewe?" Hilo tu.

Aliyenijia ni Soila. Alisimama karibu sana, na nilingoja laana.

"Siku ile sikunyamaza," akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nakungoja. Aliniletea kile kibao nyumbani, akanionyesha jina, akasema wewe ndiye ulimfundisha. Nilipokuona umeshika kalamu nilifurahi. Nilisema, huyu hahitaji mdomo wangu. Ataandika."

Nikairudisha kalamu ya afisa mezani.

"Nikangoja. Nikasema, amesahau, nitapita kwake kila mara mpaka akumbuke. Nilikuwa nabeba maziwa, kwa sababu mtu haendi kwa mtu mikono mitupu."

Akageuka akaenda kwa mwanawe.

Jumapili, Mei 19

Maziwa hayakuja. Reli ilipolia leo kwa ajili ya maji nilishtuka vile vile. Nilidhani hofu ingeondoka nikishasema. Haijaondoka, ila sasa inajua inaogopa nini.

Jumatatu, Mei 20

Leo si siku ya maziwa. Kiragu hapokei simu.

Jumanne, Mei 21

Hayakuja. Evalyne alituma uji. Hakuja mwenyewe.

Alhamisi, Mei 23

Kiema alipita kunieleza kuwa vigingi vyekundu vimeng'olewa karibu na boma la Lemein. Alisimama nje, hakuingia. Akasema Lemein ameomba karatasi ile arudishiwe ikishanakiliwa, na kwamba sasa hukaa nayo juani akifuatisha herufi kwa kidole.

Mvua imekwisha. Korongo limerudi kuwa mchanga.

Ijumaa, Mei 24

Mkono hauandiki vizuri tena. Hakuna maumivu, ila ubaridi wa vidole.

Asubuhi hii nasikia fimbo ikigusa mawe ya njiani, polepole, kama ya mtu wa umri wangu. Imefika kwenye tangi. Imepita tangi. Naogopa kutazama dirishani kama amebeba kitu au mikono ni mitupu.

Imesimama kizingitini.

"Takwenya," sauti inasema.

Naweka kalamu chini, nifungue.